Ragnhild Sundkvist, Dalali Aliyerudishiwa Sauti na Mionzi

Leo, Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, tumekusanyika katika kanisa la Norrsjöbo kumsindikiza Ragnhild Elvira Sundkvist. Mwenyewe aliagiza wasifu huu usipambwe. "Kitu kikipakwa rangi mpya siku ya mnada," alikuwa akisema, "mnunuzi huuliza kinaficha nini." Mimi Alrik, mdogo wake, nimejitahidi kumtii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1941 katika shamba la Ljungdahl, kifungua mimba wa Mzee Helmer na Mama Signe. Vita vilikuwa vimeifanya kahawa iwe adimu, na baba alimpa mkunga nusu ratili ya kahawa halisi kwa shukrani. Hadi anakufa, mama alishikilia kuwa mtoto yule alistahili ratili nzima.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1948 hadi 1955. Cheti chake cha mwisho tunacho. Hesabu: vizuri sana. Tabia: wastani. Chini yake mwalimu aliandika, "Ana sauti kubwa kupita mahitaji."

Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1958 aliajiriwa na dalali Gottfrid kuandika majina ya wanunuzi. Mei 1966, katikati ya mnada wa shamba, Mzee Gottfrid akakaukiwa na koo. Ragnhild akapanda juu ya mkokoteni na kuichukua nyundo. Wanaume wakacheka. Mmoja, Bertil wa kinu, akapaza sauti: "Binti, shuka kabla hujaanguka!"

"Nitashuka jembe hili likipata mwenyewe," akamjibu. "Wewe Bertil, unalitaka au umekuja kuota jua?"

Bertil alilinunua. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia ashuke.

Alifunga ndoa na Torvald Sundkvist, dereva wa lori la maziwa, tarehe 22 Juni 1963. Mwaka 1969 walijaliwa binti, Ylva. Torvald ni mtu wa maneno machache, na alisema mapema kwamba nyumba yao haikuhitaji wasemaji wawili.

Maradhi yalianza Februari 2007. Shavu la kushoto lilikuwa likipigwa na maumivu kama radi, sekunde chache, kisha tena. Kunawa uso kuliyaamsha. Kutafuna pia, na kusema. Sisi wa huku hatulalamiki, naye akatuambia ni jino tu. Aling'olewa magego mawili, yote mazima. Kumbe ilikuwa neva ya uso. Vidonge alivyopewa vilituliza kiasi, lakini vilimfanya asahau bei aliyoitaja punde tu. Minada akaanza kuikataa mmoja mmoja, akisingizia umri.

Siri ilifichuka Aprili 2009, katika mnada wa dalali mwingine, Ragnhild akiwa ameketi miongoni mwa wanunuzi. Mnajua desturi yetu: hapapigwi kelele, kwa kuwa ni aibu kuonekana unatamani vya jirani. Mtu hukonyeza tu, au hutikisa kidevu. Kilipokuwa kinanadiwa kinanda kikuukuu cha mivukuto ya kukanyagwa kwa miguu, radi ile ikampiga. Jicho likafumba, kidevu kikaruka, na nyundo ikagonga. Nilimfuata uani.

"Dada, umenunua nini?"

"Kinanda."

"Hujui kupiga."

"Nitajifunza."

"Panya wametafuna mivukuto yake yote!"

"Basi watakuwa wanajua muziki."

Sikuwa nimewahi kumwona dada yangu akinunua kitu kibovu. Nikamtazama vizuri: jicho la kushoto lilikuwa linatoka machozi. "Ragnhild, ulikonyeza au uliumwa?"

Akajifuta chozi. "Niliumwa. Na usiende kumwambia dalali. Nyundo ikishagonga, imegonga."

Mimi na Torvald tulikibeba kinanda. Juni hiyo nilimpeleka dada Stockholm kwa Daktari Thyra Ekwall. Kufungua fuvu hakukufaa, kwa sababu ya moyo wake na dawa za kuyeyusha damu. Daktari akaeleza upasuaji wa mionzi: miale karibu mia mbili, kila mmoja dhaifu peke yake, yote ikikutana kwenye mzizi wa ile neva.

"Kisu kiko wapi?" Ragnhild akauliza.

"Hakuna kisu, mama."

"Nitapona lini?"

"Pengine wiki kadhaa, pengine miezi. Wapo wasiopona."

"Na hasara yake?"

"Shavu na mdomo vinaweza kufa ganzi."

"Dalali mwenye mdomo wa ganzi, daktari, atauza nini?"

"Na asiyeweza kuufungua kabisa, anauza nini sasa hivi?"

Ragnhild akanigeukia. "Huyu mama anajua biashara. Tunafanya."

Tarehe 16 Septemba 2009 walimfunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, wakamlaza ndani ya mashine. Hakusikia kitu. Kesho yake alikuwa nyumbani. Wiki ya kwanza ikapita, ya tatu, ya saba, na maumivu yalikuwa yale yale. Akasema ameuziwa gunia la hewa, akamwambia Ylva aitangaze nyundo iuzwe. Ylva hakuitangaza.

Jumapili tarehe 22 Novemba, Torvald alirudi kutoka zizini akamsikia mkewe jikoni akibishana na redio. Aliendelea kubishana bila kukatizwa na maumivu. Torvald akasimama ukumbini na buti zake mkononi, hakuingia hadi kipindi kilipokwisha.

Ganzi ilikuja kweli, ikabaki pembeni mwa mdomo. Majira yote ya baridi alijizoeza kunadi mbele ya ng'ombe hadi maneno yakanyooka. Mei 2010 akapanda tena juu ya tela, kwenye mvua, uwanja ukiwa umejaa. Akiwa ananadi kikapu alipiga funda la kahawa, ikamchuruzika kidevuni bila yeye kuhisi. Mtu wa mbele akamwonyesha kwa kidole.

"Asante," Ragnhild akasema, akajifuta. "Na kidole hicho nimekipokea. Kikapu ni chako."

Hatutasema ulikuwa muujiza. Mwaka 2019 maumivu yalirudi kidogo, vidonge vichache vikayatosha. Lakini alinadi misimu kumi na miwili tangu matibabu, wa mwisho Septemba 2021.

Moyo ulimzidia mwezi uliopita. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023 muuguzi alimwuliza kama anaumwa mahali. "Moyo umechoka," akajibu. "Uso hauniumi. Niache niongee." Akaongea na Torvald karibu hadi adhuhuri, zaidi kuhusu majirani. Sentensi ya mwisho hakuimaliza.

Ameacha mume, Torvald, binti, Ylva, wajukuu wawili, Sixten na Tuva, na mimi mdogo wake.

Mungu ampokee Ragnhild, ampumzishe kwa amani, na ampe nafasi ya kumaliza alichokuwa anasema.