Nerima wa Nateete na Hatifungani ya Miaka Kumi

Marehemu Nerima Wamalwa alizaliwa Funyula, Busia, Kenya, tarehe 9 Machi 1963. Mimi Wandera, mdogo wake wa mwisho, ndiye ninayewasomea.

Alisoma huko huko hadi darasa la saba, kisha akapelekwa kujifunza ushonaji, kazi aliyoichukia waziwazi. Gauni la kwanza alilomshonea mama lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mama alilivaa kanisani bila haya.

Mwaka 1988 aliolewa na marehemu Nashon Wamalwa, mfanyakazi wa bandari ya Port Bell, Kampala, wakajaliwa watoto wawili. Mwaka 1994 alifungua duka la unga Nateete, mtaa wa mji huo huo. Mvua ikizidi, mfereji ulifurika na unga ukawa uji sakafuni. Hakuhama.

Agosti 2024 madaktari wa hospitali ya Mulago walimwambia ana saratani, na hawakumficha kitu. Wakati huo chama chao cha wenye maduka sokoni kilikuwa kikibishana kuhusu hatifungani ya kijani: unaikopesha kampuni, inapanua mifereji na kurudisha kinamasi kinachomeza mafuriko, nawe unapata riba kila mwaka, na mtaji baada ya miaka kumi. Wengine walitaka riba kubwa zaidi, wengine waliogopa tu jambo geni. Nerima akanunua, wa kwanza. Jalia, jirani yake wa duka, alimfuata wodini.

"Maama, wewe nagonjwa hivi. Miaka kumi, banange! Nani atakula hiyo pesa?"

"Kwani mimi nanunua pesa? Nanunua maji isiingie kwa duka yako."

Nilikuwepo. Maelezo yote ya riba hayakuwa yamemtikisa mtu, lakini wiki ile walinunua karibu wote, Jalia akitangulia.

Dada alifariki Jumapili, tarehe 8 Februari 2026. Kesho yake wachimbaji wa mfereji walifika mbele ya duka lake, wakaomba magunia ya nje yaondolewe. Tuliyabeba wenyewe, mimi na wanawe, huku tukilia.

Ameacha watoto wake Nafula na Ouma, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na Jalia, ambaye hatifungani yake itaiva na kurudisha mtaji mwaka 2034, na ambaye ameapa mbele yetu kwamba siku hiyo atakuwepo kwa niaba ya wawili.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani.