Mzee Mrutu, Mpare Aliyeshtaki kwa Kutotukanwa

Mzee Elihuruma Mrutu wa kitengo cha huduma kwa wateja anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Septemba 1999, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kadi za picha za kompyuta hapa Fridley, Minnesota, kwa miaka ishirini na sita. Ofisi ya utumishi imekwisha kumwandikia wasifu wa Kiingereza. Umo ukurasa wa mbele, umejaa sifa tupu, na kila neno ni kweli. Huu wa Kiswahili tumeombwa tuandike sisi tunaokula naye mchana, na kalamu nimekabidhiwa mimi, Redempta Tarimo, Mchaga wa Kibosho. Walionichagua walijua wanachofanya. Mzee Mrutu ni Mpare wa Mbaga, na Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo msomaji asitegemee heshima.

Kwa faida ya ndugu zetu Wakenya na watoto waliozaliwa huku: utani si ugomvi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, kukunyang'anya kofia, na kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, na ukikasirika aibu ni yako. Lakini siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayeingia jikoni bila kuitwa, ndiye anayewachekesha wafiwa walioshindwa kula, na ndiye anayezuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Hilo mlikumbuke, maana lilituletea balaa.

Mzee Mrutu alifika Minnesota mwaka 1968 kusomea umeme, akawaahidi wazazi wake kwamba atakaa miaka minne. Miaka minne ya Mpare, jamani! Alipoajiriwa hapa mwaka 1973, kampuni ilikuwa bado inatengeneza zile skrini za maandishi ya kijani za kwenye mabenki, naye alikaa meza ya kulehemu. Kutoka hapo akapanda hadi chumba cha kupimia kadi, na tangu mwaka 1989 yuko kwenye simu, akiwasaidia wateja ambao kadi zetu zimewagomea.

Kazi ya simu si lelemama. Ndani ya kila kompyuta yenye kadi yetu lazima iwepo draiva, yaani ile programu ndogo inayoielekeza mashine namna ya kuitumia kadi. Draiva ikikosea, mteja anaona giza, au anaona kila kitu cha rangi ya waridi, na anapiga simu akiwa amefura. Sisi wengine huanza kwa kuuliza namba ya kadi. Mzee Mrutu huanza kwa kusalimia. Atauliza theluji imeanguka kiasi gani huko, na kama barabara zinapitika, na kama watoto wamekwenda shule, na yote hayo kwa upole, kana kwamba mteja amemtembelea nyumbani. Wakifika kwenye draiva, yule mteja amekwisha kupoa na anaweza kusoma kilichoandikwa mbele yake.

Mwaka jana ulipotoka mfumo mpya unaoruhusu kompyuta moja kutumia monita mbili, simu zikawa kama mvua. Watu walichomeka kadi ya pili, wakawasha, na monita ya pili ikabaki nyeusi ti. Mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Anoka alipiga simu karibu analia, kwa sababu kila akiwasha mashine, monita aliyotaka iwe ya kwanza ilikuwa ya pili. Mzee Mrutu alimwambia kadi mbili ndani ya sanduku moja ni kama wake wenza, lazima ijulikane nani kaolewa kwanza, na kwamba mashine hutazama nani kakaa nafasi ipi. Azibadilishe nafasi tu. Yule mama alicheka, akazibadilisha, akapona. Krismasi iliyopita alituma kalenda, na ilitumwa kwa Mzee Mrutu peke yake, si kwa kitengo.

Sasa nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu mtu ni bahili. Ana kontena moja la plastiki, analo tangu nimfahamu, na ndani yake mna makande, majira ya joto makande, theluji makande. Disketi iliyoharibika haitupi, anawekea kikombe cha chai. Mimi nilipokuwa nikimwambia hayo, naye hakunyamaza. Alikuwa akiwatangazia watu kwamba Mchaga akifa hapimwi na daktari: unadondosha sarafu karibu na sikio lake, asipoamka ndipo unaamini. Mimi akaniahidi kabisa kwamba sarafu yangu ameshaitenga. Hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyokuwa, na simu zilipokelewa vizuri.

Februari mwaka huu mke wake, Mama Elinaja, alifariki. Waliomjua, kuanzia kanisani mpaka kwa wazee aliokuwa akiwahudumia kule Inver Grove Heights, hawahitaji kuambiwa tulipoteza nini. Ibada ya kumuaga ilifanyika hapa Fridley kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Mbaga, na mimi nilifanya kazi ya mtani kama nilivyolelewa. Nililivaa koti lake jekundu. Nikatembea kama yeye, mkoba kwapani, nikilalamikia baridi na kumgombeza mumewe kwa nini hajavaa kofia. Gari lilipotaka kuondoka na jeneza, nikaketi chini kwenye theluji mbele yake, nikasema halipiti mpaka nilipwe. Mzee Mrutu akatoa dola moja. Moja! Nikaikataa kwa makelele, na pale akacheka, akalia, akacheka tena, akaegemea bega langu. Tangu kifo kile alikuwa hajatoa sauti.

Kumbe meneja wetu, Bwana Lindquist, alikuwa amekuja kutoa pole. Ni mtu mwema, mpole wa Kilutheri wa hapa hapa, aliyewahi kuacha sufuria ya viazi na nyama ya kusaga mlangoni kwa mfiwa bila hata kubisha hodi. Aliona mfanyakazi wake mmoja akimdhihaki marehemu ndani ya koti la marehemu. Alishtuka mno. Wiki iliyofuata niliitwa ofisi ya utumishi, nikaambiwa kwa adabu kwamba nikimtania Mzee Mrutu tena, hata neno moja, nitafukuzwa kazi. Niliwaeleza, hawakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kubisha. Kibali changu cha kuishi nchi hii kiliandikwa kwa jina la kazi hii. Basi nikafunga mdomo.

Aliporudi kutoka kuzika, Mzee Mrutu alikuta ofisi imekuwa kama wodi. Watu walipita mezani kwake kwa kunyata. Walimpa tabasamu la huruma, walimwachia kadi za pole, walishusha sauti alipoingia. Nami, mtani wake, nilimwambia "Shikamoo, pole," nikapita. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake. Machi yote ilikwenda hivyo. Makande hakuyamaliza. Simu ililia mpaka ikachoka, naye anaiangalia tu. Peris, dada yetu wa Kenya anayekaa meza ya pili, ndiye aliyekuwa akiinuka kumpokelea. Siku moja akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Mimi hii mambo yenu ya kutukanana si-understand, lakini huyu mzee anaisha." Akanieleza pia kwamba mzee ameandika barua ya kutaka kuondoka mara moja, kabla ya wakati wake.

Iliniuma, na niseme wazi iliniuma kuliko ule msiba wenyewe, maana msiba ni kazi ya Mungu. Mtu wa miaka ishirini na sita aondoke mlango wa nyuma kimya kimya, bila hata mtu wa kumwita mchoyo? Nikamfuata kwenye chumba cha chai, nikamweleza yote: onyo, kibali, na kwa nini nimekuwa bubu. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaona macho yake yanaamka kidogo kidogo. Wenyeji wa Kilimanjaro wanaelewa. Mpare hushiba akipata makande, lakini hupona akipata kesi. Hawa ni watu watakaouza ng'ombe wafuatilie kesi ya kuku.

Asubuhi yake alipeleka malalamiko rasmi ofisi ya utumishi. Alishtaki kwamba tangu mwezi wa pili mfanyakazi mwenzake Redempta Tarimo ameacha kumtukana, na kwamba jambo hilo linamdhuru. Dada wa utumishi aliyapokea, akayasoma, akayasoma tena, akauliza kama kuna neno limerukwa. Hakuna, akajibiwa. Ndipo kikaitishwa kikao: dada yule, Bwana Lindquist, mimi, na mlalamikaji aliyeingia akisukuma kigari chenye kompyuta moja na monita mbili.

Hakuhutubia. Aliwasha mashine, akafungua ule mchezo wa karata ambao sote tunajua nani huucheza baada ya chakula cha mchana, akauburuta mpaka monita ya pili. Halafu akachomoa monita ya pili, akaibeba, akaipeleka nje ya chumba. Akamwomba Bwana Lindquist aonyeshe mchezo uko wapi. Bwana Lindquist akahangaika na kipanya. Chini ya skrini jina la mchezo lilionekana, mashine iliapa kwamba uko wazi, ila hakuna aliyeuona. Wateja hutupigia simu kwa jambo hili kila siku. Dirisha la mchezo halijapotea, liko kule ilikokuwa monita iliyoondolewa.

Mzee Mrutu akawaambia kwamba huyo ndiye yeye. Kila siku anafunguka upande aliokuwa akikaa mkewe Elinaja, na upande ule haupo tena. Akasema anawashukuru wote kwa huruma yao, ila wanaitazama skrini tupu na kuinong'oneza. Kwao Upare mtu wa namna hiyo ana wa kumvuta, amewekwa kwa kazi hiyo tangu zamani, na kampuni imemfunga mdomo. Akainama, akabonyeza vitufe vyake vilevile anavyowafundisha wateja, akashikilia mshale wa kushoto, na karata zikaanza kuingia kutoka pembeni, polepole, mpaka katikati. Bwana Lindquist alivua miwani. Dada wa utumishi aliuliza swali moja tu, kama matusi haya yana kikomo. Mzee akasema hayana.

Ruhusa ilitoka kwa maandishi, na nadhani ni ya pekee katika jimbo hili. Kesho yake nilipita mezani kwake nikamwuliza kama sasa ameanza kubana matumizi hadi ya nyama ya mwili wake mwenyewe, maana suruali inamkimbia. Naye, bila kuinua kichwa, aliingiza mkono mfukoni, akadondosha sarafu sakafuni, akaniangalia. Nilijikuta nimegeuka, wallahi, na akacheka mpaka akakohoa. Simu ikalia. Akaipokea, akaanza kuuliza theluji ya huko imeyeyuka kiasi gani.

Ile barua ya kuondoka aliifuta. Alifanya kazi mpaka siku yake, akawafundisha vijana wa zamu yetu kila anachokijua juu ya monita mbili, na mwezi wa saba aligundua kosa kwenye draiva mpya kabla halijawafikia wateja. Anaondoka kwa mlango wa mbele, kama alivyostahili, na Jumatatu anapanda ndege kwenda Mbaga alikolala Mama Elinaja.

Mzee Mrutu, kwa niaba ya kitengo kizima, ahsante. Ahsante kwa salamu ulizowapa watu wasiokujua, na kwa kesi uliyoishinda kwa ajili yangu, maana wewe ulikuwa unakwenda zako, mimi ndiye niliyekuwa na la kupoteza. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na jirani mwenye kuku wanaovuka mpaka, usikose la kushtaki. Jumamosi sherehe ya kukuaga ikiisha nitakuwa nimeketi mlangoni, na hutoki kwa dola moja.

Ukitangulia wewe, waagize wanao wasikuzike mpaka nifike, jeneza nitalizuia mimi. Nikitangulia mimi, njoo na ile sarafu yako, uidondoshe karibu na sikio langu kama ulivyoniahidi. Nisipoamka, ndipo ulie.