Waya Mbili za Gitaa la Nsimba

Luzolo mwanangu, zima hiyo redio ukae. Na wewe Makiese, binti wa ndugu yangu, acha kufuta meza, njoo uketi hapa ninapoweza kukuona, maana jicho la kushoto limeshafunga kazi na hili la kulia linanionea huruma tu. Nimewaita nikiwa bado na pumzi ya kumaliza sentensi. Nikikohoa, nisubirini.

Mambo ya mali ni mafupi. Luzolo, karakana ya Bandalungwa ni yako, pamoja na meza na vyuma vya kulehemu, hata kile cha zamani tunachokipasha kwenye makaa umeme ukikatika. Nyumba mkae humo wewe na dada zako, asifukuzwe mtu. Magitaa ya watu yanayoning'inia ukutani yana majina ya wenyewe nyuma. Yarudisheni, hata kwa wale waliokwisha kuyasahau. Lakini lile jekundu, lililo ndani ya mfuko nyuma ya kabati, halikuwa langu hata siku moja. Ni la Makiese.

Tulia, mwanangu. Nakumbuka ulivyokuja ukiwa na miaka kumi na minne ukaniambia, "Baba mdogo, nipe gitaa la baba nikapigie kanisani," nami nikakujibu mbele ya wateja kwamba gitaa si kazi ya msichana. Ulilia hadi barabarani. Sikuliamini neno lile hata nilipokuwa nalitamka. Nilitafuta jibu la kukuumiza kiasi cha kutorudi kuuliza, na nikalipata.

Sasa nisikilize kwa nini.

Mimi na baba yako tulizaliwa siku moja, yeye akatangulia ndiyo maana akaitwa Nsimba, mimi nikafuata nikaitwa Nzuzi, na hadi tunafika miaka ishirini na sita hatukuwahi kulala nyumba mbili tofauti. Yeye alipiga, mimi nilitengeneza. Gitaa lile lina mikro mbili, zile sumaku zilizoviringishiwa waya zinazokaa chini ya nyuzi na kuinasa sauti: ya shingoni ina sauti nene, ya chini ina sauti kali. Swichi yake ina nafasi tatu. Ukiipandisha unasikia moja, ukiishusha unasikia nyingine, ukiiacha katikati zote zinaimba pamoja. Nsimba alipiga katikati maisha yake yote. Alikuwa akisema, "Nzuzi, hapa katikati ni mimi na wewe."

Mwaka ule mzee Kiala, kiongozi wa bendi, alikuwa akitafuta mpiga solo mmoja wa kwenda naye Ulaya miaka miwili. Kila mtu alijua ni Nsimba. Ilibaki kumsikiliza tu, Jumapili mchana, mbele ya wenzake. Jumamosi akaniletea gitaa, swichi ilikuwa inakwaruza na kifundo cha kuongezea sauti kimelegea, akaniambia, "Lisafishe vizuri, ndugu yangu, kesho ndiyo kesho." Alikuwa amekwisha kununua koti la baridi. Alilivaa pale karakanani, jua lote lile, akanizungukia akicheka huku jasho linamtiririka, nami nikacheka naye. Alipotoka nikakaa mbele ya lile gitaa lililofunguliwa tumbo, nikaona nyumba bila yeye.

Sikumwonea wivu, Makiese. Watu watasema ni wivu, waache waseme. Niliogopa kubaki.

Nikazichomoa waya mbili za mikro ya chini, nyeupe na nyeusi, nikazilehemu kinyume, nyeupe mahali pa nyeusi. Ni kazi ya dakika tano. Ukifanya hivyo, mikro moja inavuta wakati nyingine inasukuma; kila moja ikiwa peke yake ni nzima kabisa, lakini ukiweka swichi katikati zinakulana, unene wote unapotea, inabaki sauti nyembamba ya puani. Nikampa gitaa mkononi Jumapili, mlangoni mwa ua wa mazoezi, wakati jina lake linaitwa, asipate nafasi ya kulijaribu.

Alipiga. Alizungusha vifundo, akakaza mkono, akaanza kukosea mahali ambapo hakuwahi kukosea. Mzee Kiala akasema, "Kijana, leo unapiga kama mbu," watu wakacheka. Akachaguliwa mwingine.

Jioni yake akaniletea gitaa. "Nzuzi, liangalie, kuna kitu." Nikafungua. Nikazitazama zile waya mbili nilizozigeuza mwenyewe, yeye amesimama ameniinamia begani, nikasema, "Gitaa ni zima." Akakunja na kukunjua vidole vyake. Halafu akasema, "Basi ni mkono."

Hapo ndipo nilipomuua. Jumamosi nilikuwa mwoga tu. Neno moja lingemrudisha.

Hakuligusa tena, akaliacha mezani kwangu. Wiki ya pili akaenda Matadi kubeba mizigo bandarini, nami nikabaki peke yangu kama nilivyoogopa. Huko akamwoa mama yako, huko ukazaliwa, huko tukamzika ukiwa na miaka tisa. Siku ya mazishi mama yako Ndona aliniuliza, "Shemeji, ni ugonjwa gani unaoua mkono wa mtu Jumapili mchana?" Nikamwambia sijui.

Zile waya ziko vilevile. Mara nyingi nimepasha chuma nizirudishe, nikaacha, kwa sababu ndizo mashahidi pekee wa Nsimba kwamba mkono wake ulikuwa mzima. Ndiyo maana nilikunyima gitaa: ungeiweka swichi katikati, ungesikia.

Umesimama, Makiese. Una haki. Sikuzuii, mwanangu.

Luzolo, huo ni mlango? Ametoka?

Mwache. Sogea wewe, sauti inakwisha. Gitaa umpe kama lilivyo. Usilehemu kitu mpaka aseme mwenyewe; aweke swichi katikati kwanza, asikie alichosikia baba yake. Akitaka, utageuza waya mbili tu, nyeupe na nyeusi, vifundo usiviguse. Akitaka kulivunja, mpe nafasi.

Kisha nenda Matadi kwa mama Ndona. Usitume simu, nenda. Mwambie yote, usinipunguzie hata neno. Halafu muulize kama naweza kulala kando ya Nsimba. Akikataa, usimbembeleze. Nizikeni hapahapa Kinshasa.

Lete mkono wako. Mungu akupe ujasiri wa kubaki peke yako, mwanangu, ule alioninyima mimi... Mikono yako iseme kweli. Na yeye... na yeye vilevile, umfikishie, mimi sina uso wa...

Maji. Kidogo tu.

Chungulia dirishani. Bado yuko uani?

Basi usimwite. Kaa tu pale atakapokuona.