Shanga za Priska

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi, wauguzi, wazazi wenzangu, na wewe Daktari Mohsin tunayekuaga leo: wakubwa shikamooni, wengine habari za mchana. Mimi ni Paulina, mkulima wa karanga kutoka Kibakwe, mama wa marehemu Priska. Sijazoea kipaza sauti, nikilia, mnisubiri.

Priska alivaa shanga kiunoni kama watoto wengi wa kwetu. Uzi ukibana, mama huurefusha, huongeza shanga, na hufurahi kwamba mtoto ananenepa. Mimi niliurefusha mara tatu kati ya mavuno na Krismasi. Mama mkwe alikipapasa kile kitumbo akisema, "Kumbe mwizi wa karanga zangu ndiye huyu!" Tukacheka wote. Nani angedhani tulikuwa tunafurahia uvimbe wa ini?

Nilipomleta hapa hospitalini, Daktari alipomvua gauni hakunigombeza. Alizishika zile shanga, akaniuliza, "Mama, uzi huu umeurefusha mara ngapi?" Nilipojibu, aliandika kwenye faili. "Basi umenisaidia," akasema. "Sasa najua uvimbe umekua kwa kasi gani."

Walimtundikia dawa za kuupunguza, kisha wakampasua na kuutoa pamoja na kipande cha ini. Alipozinduka, neno la kwanza lilikuwa, "Shanga zangu kachukua nani?" Muuguzi Lalita alikuwa amezihifadhi kwenye kichupa. Tulipata miezi saba. Alikimbiza kuku, akajifunza kuhesabu hadi kumi na mbili, na kila siku aliiruka tisa. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Tulikuwa tumechelewa.

Tangu hapo Daktari humuuliza kila mama swali lile. Mwaka jana alimuuliza mama yake Anyitike, aliyemleta mtoto kwa kikohozi tu. Kumbe naye uzi alikuwa ameurefusha, mara moja. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, ukatolewa wote. Anyitike, simama wakuone, mwanangu. Haya, kaa, na hiyo sambusa irudishe, wageni hawajaanza kula.

Daktari, wewe unastaafu. Je, na lile swali linastaafu? Ndiyo maana shanga hizi sikupi wewe, unisamehe. Nampa Daktari Karishma, anayeshika nafasi yako. Zitundike juu ya kitanda cha kupimia, mwanangu. Ukiziona, uliza.

Daktari Mohsin, asante kwa kutoniuliza kwa nini nilichelewa. Nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunisubiri.