Mzee Kilo, Waziri wa Uchukuzi, na Dakika Kumi na Moja za Njia Panda

Wafiwa wenzangu, viongozi wa dini, mwakilishi wa serikali, wabunge wa zamani na wa sasa, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wa kike wa marehemu, mwalimu mstaafu wa hesabu wa shule ya msingi, na familia imenikabidhi kazi ya kusoma historia hii kwa sababu watoto wa marehemu walijaribu jana sebuleni wakashindwa kufika aya ya pili. Nitasoma nilivyoandika, na mkiniona natabasamu mahali pasipo pa kutabasamu mnisamehe, maana nimefiwa na kaka yangu wa pekee, nimelia vya kutosha, lakini moyo wangu umetulia, na sababu yake nitaisema nikifika mahali pake, kwa sababu mwalimu wa hesabu haruki hatua.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 6 Juni 1951, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, ambako tulilala tukinusa grisi na kuamka tukinusa grisi. Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza mwaka 1966, akasoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, akawa wa kwanza katika jiografia miaka yote minne na akafukuzwa kwaya mara mbili, jambo ambalo alitaka lisisomwe hapa, lakini sasa hana la kunifanya.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo cha kupimia malori, kibanda cha bati chenye dirisha moja na meza yenye mguu mfupi uliowekewa kipande cha tairi. Hapo ndipo alipopata jina la Kilo, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, na lilitokana na dereva mmoja ambaye lori lake lilizidi kilo moja, naye akalalamika, "Ndugu yangu, kilo moja tu, hata nikivua viatu si itapungua?" Marehemu akamjibu kwa upole kabisa kwamba avue, dereva akavua buti zake akaziacha kibandani, lori likapimwa upya, mshale ukakubali, na mtu wa watu akaendesha safari nzima peku. Hivyo ndivyo alivyokuwa, hakuonea mtu na hakupendelea mtu, na ukimwambia neno alikuwa anataka kuona mshale unasemaje.

Kila siku alitakiwa kupiga simu makao makuu kutoa hesabu ya malori, na aliyemuunganishia simu posta alikuwa binti mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kidogo, na baada ya miezi michache makao makuu waligundua kwamba karani wao anapiga simu hata siku ambazo barabara imefungwa na hakuna lori lililopita. Binti huyo ndiye wifi yangu, huyu hapa mbele yenu, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1980, wa kiume mwaka 1983, na wa kike tena mwaka 1987, ambao wamewapatia wajukuu saba. Katika miaka arobaini na mitano ya ndoa sijawahi kumsikia wifi akimwita kaka yangu mheshimiwa, isipokuwa alipokuwa amemkasirikia.

Baada ya kusoma stashahada ya usafirishaji kuanzia 1979 hadi 1981 alihamishiwa wizarani, akapanda ngazi moja moja, ofisa mipango, mkuu wa kitengo, mkurugenzi, kisha akachaguliwa kuwa mbunge mwaka 2000, akawa naibu waziri mwaka 2002, na tarehe 12 Januari 2004 akaapishwa kuwa Waziri wa Uchukuzi, wa kumi na moja tangu wizara hiyo izaliwe. Alipenda sana historia ya wizara yake, kwamba ilianza kama kitengo cha Wizara ya Ujenzi, vyumba vitatu na taipureta mbili, ikiangalia reli peke yake, kisha ikaongezewa bandari, kisha viwanja vya ndege, kisha mabasi na malori, na kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili zipo picha za mawaziri wote kumi waliomtangulia, ambazo alizifuta vumbi mwenyewe siku ya kwanza kazini, mhudumu wa ofisi akabaki ameshika kitambaa chake hajui afanye nini. Watu walipomuuliza kazi ya waziri wa uchukuzi ni nini, alijibu kwamba waziri haendeshi treni wala harushi ndege, kazi yake ni kupeleka miswada bungeni, kutia saini kanuni, kuteua bodi zenye watu wanaojua wanachofanya, na ajali ikitokea kusimama mbele ya nchi na kusema ukweli wa kilichotokea. Alisema cheo ni dhamana, na alisema hivyo hata nyumbani alipokuwa peke yake na mimi, bila kamera.

Sasa nimefika mahali nilipowaahidi.

Jumanne tarehe 14 Machi 2006, saa mbili na dakika kumi asubuhi, marehemu alikuwa anakwenda bungeni kujibu swali kuhusu mataruma ya reli, yale magogo yanayolazwa chini ya vyuma vyake, katika msafara wa pikipiki mbili na magari matatu, kama walivyosafiri mawaziri wote wakati huo. Trafiki walikuwa wameifunga njia panda iliyo karibu na hospitali kuu, pande zote nne, wakiusubiri msafara uliokuwa umechelewa kuondoka, na alipopita pale kaka yangu aliona kupitia kioo gari la wagonjwa limebanwa kati ya lori na basi, taa zinawaka, king'ora kinalia, haliendi mbele wala nyuma. Alimwambia dereva wake asimame, mlinzi akasema hairuhusiwi, msafara ukapita. Baadaye alimuuliza trafiki njia ilifungwa kwa muda gani, akaambiwa dakika kumi na moja.

Mchana ule ule alikwenda hospitali mwenyewe, akafungua daftari la mapokezi ya dharura, hakukuta mgonjwa yeyote aliyeletwa na gari saa hiyo. Mtu mwingine angeshusha pumzi akarudi nyumbani, lakini Kilo alikwenda kufungua daftari la chumba cha maiti, akakuta mwili wa mwanamke wa miaka thelathini na minne, umeingizwa saa tatu kasoro asubuhi ile, bila maelezo ya nani aliyeuleta, na ndugu walikuwa wameshauchukua, wameacha jina la mtaa tu. Alikwenda mtaa huo mara tatu, hakuwapata. Kuanzia siku hiyo kaka yangu aliamini kwamba amemuua mama wa watu kwa ajili ya mataruma.

Wiki ile ile aliukataa msafara, akawa anasafiri kwa gari moja na kusimama kwenye foleni kama sisi, na tarehe 2 Oktoba 2006 alitia saini kanuni mnayoijua nyote, kwamba gari la wagonjwa hupishwa na kila chombo, cha raia na cha kiongozi, na hakuna barabara ya kwenda hospitali itakayofungwa kwa ajili ya mtu yeyote mwenye cheo. Wenzake barazani walinuna, wengine waliacha kumsalimia, na Februari 2008 Baraza la Mawaziri likabadilishwa, taarifa akaisikia redioni akiwa kwa kinyozi, amenyolewa upande mmoja. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na kuna majirani zetu walikuwa wameshaweka viti wanamngoja, lakini yeye alimwambia kinyozi amalizie na upande wa pili, akaja nyumbani kwa miguu.

Wengi walidhani kilichomkondesha ni uwaziri, haikuwa hivyo. Kaka yangu hakulala usingizi wa mtu mzima kwa karibu miaka kumi na saba, kila tarehe 14 Machi hakutoka chumbani, na waliojua sababu tulikuwa wawili tu, wifi na mimi. Nilimwambia mara nyingi kwamba hana ushahidi, naye akanijibu, "Mdogo wangu, na wewe huna," na kwa kuwa ni kweli nilikuwa sina, nilinyamaza, na kunyamaza huko kuliniuma sana.

Januari 2023, tayari akiwa mgonjwa wa moyo tangu 2019, alihojiwa redioni katika kipindi cha viongozi wastaafu, akaulizwa kanuni ile aliitoa wapi, akasimulia yote, siku, saa na njia panda, akamaliza kwa kusema kuna mtu alimuua na hamjui jina. Siku ya Jumamosi tarehe 11 Februari, nikiwa hapo kwake namenya viazi na wifi, alibisha hodi mzee mmoja amevaa koti la heshima, nyuma yake mkewe anamsukuma kwa kidole mgongoni. Akajitambulisha kwamba ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, na kwamba gari lile pale njia panda alikuwa analiendesha yeye.

Kaka yangu alimkaribisha kiti, akamuuliza, "Alikuwa nani?"

"Mheshimiwa," mzee akasema, macho chini, "hakuwa mtu. Lilikuwa kochi."

Wifi aliacha kumenya. Yule mzee akaeleza kwamba alikuwa anaoa Jumamosi yake, fundi seremala alikuwa amemaliza kochi, naye baada ya kumshusha mgonjwa wa alfajiri akalipitia, akalipakia, na king'ora aliwasha kwa sababu alikuwa anachelewa kulirudisha gari kituoni. Yule mama wa chumba cha maiti hakumbeba yeye, garini hapakuwa na mtu ila yeye na kochi. Hakusema miaka yote akiogopa kufukuzwa, na hakujua kuna mtu anateseka, mpaka siku ile ya redio, akiwa amekaa juu ya kochi lenyewe, mkewe akamgeukia akamwambia, "Baba watoto, si ndilo hili?"

Mimi nilisimama nimtoe nje, kisu cha viazi bado mkononi, na nakiri mbele yenu kwamba nilimtukana. Kaka yangu aliniambia nikae, akamuuliza mzee swali moja, kochi ni la watu wangapi.

"La watu watatu, mheshimiwa. Na stuli yake."

Kaka yangu akacheka, akacheka mpaka wifi akakimbilia vidonge vya moyo, kisha akalia, na mimi nikalia, na mke wa dereva akalia bila kujua analia nini. Lakini Kilo ni Kilo, alipofuta machozi akasema maneno matupu hayapimiki, twende tukalione. Tulikwenda siku ile ile, tukalipindua kochi, na chini, kwenye ubao, fundi aliandika kwa penseli jina la mteja na tarehe, 14/3/06, asubuhi. Kaka yangu aliusoma ule mwandiko mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani, tukaligeuza, akaketi, akaegemea, akalala fofofo saa mbili nzima mchana kweupe, sisi tumekaa kwenye stuli na mkeka tunaongea kwa kunong'ona. Kaka alipoamka, yule mzee alimuuliza kwa woga kama sasa kanuni itafutwa, kwa kuwa imetokana na kochi, naye akasema iacheni, imeshabeba watu wengi kweli.

Miezi tisa iliyofuata alinenepa, alirudi kugombana na wajukuu juu ya rimoti, akatufanya tucheke hata tusipotaka. Jumamosi tarehe 4 Novemba 2023 moyo ulimzidi, akapelekwa hospitali, akakaa siku tano akiongea na watoto wake wote watatu, na akafariki Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliopika na kuchota maji tangu Alhamisi, wafanyakazi wa wizara wa zamani na wa sasa, makarani wa mizani mliokuja na sare zenu, na madereva tusiowajua mliotupisha Jumamosi ile mpaka tukafika hospitali bila kusimama popote. Tunamshukuru kwa namna ya pekee dereva mstaafu, ambaye amekaa safu ya tatu pale amejiinamia, naomba ainue kichwa, ndugu yangu, ulichelewa sana lakini ulikuja, na familia hii haina neno na wewe.

Kaka, nilitaka niwe mimi wa kukuambia, sikuwa na ushahidi, sasa ninao na nimeusoma mbele ya watu. Hakuna aliyekufa pale njia panda. Pumzika.