Bi. Arlys Skogen na Daftari la Wino wa Kijani

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, saa kumi na moja jioni, Bi. Arlys Margit Skogen atafunga droo ya meza yake katika Ofisi ya Ruzuku za Utafiti ya Chuo cha Halvorsdal na kukabidhi funguo. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu, miezi kumi na siku kumi na tano ya utumishi.

Alianza Jumatatu ya tarehe 13 Agosti 1990 kama mpiga chapa. Wakati huo chuo chetu hakikuwa na ruzuku hata moja ya wanafunzi. Maombi ya kwanza aliyoyaandaa, mwaka 1992, yalikataliwa. Ya pili pia yalikataliwa. Ya tatu yalikubaliwa, na tangu hapo wanafunzi 412 wamepita mikononi mwake.

Kwa wenzetu wa idara nyingine: ruzuku hizi humlipa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wiki kumi za kiangazi ili afanye utafiti wa tiba chini ya mwalimu mlezi. Bila mlezi hakuna ruzuku. Mlezi ndiye anayesoma daftari la maabara la mwanafunzi, ukurasa mmoja kwa siku moja, na kutia saini yake chini kuthibitisha kwamba amekiona kilichoandikwa.

Bi. Arlys hakumpendelea mtu. Mwaka 1998 alimrudishia mkuu wa kitivo maombi yake mara tatu kwa sababu ya saini moja iliyokosekana. Mara ya nne mkuu akaja na keki ya matunda iliyookwa na mkewe. Bi. Arlys akala kipande, akafuta midomo, akasema, "Keki nimeipokea. Maombi bado."

Walimu wageni walimwogopa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimletea kahawa.

Lakini wasifu huu ungekuwa na upungufu kama ungeacha majira ya baridi ya 2011. Wengi wamesikia habari hizo zikisimuliwa kwa namna nyingi kwenye foleni ya chakula. Tarehe zilizomo hapa ziliandikwa siku zenyewe zilipotokea, kwa hiyo hakuna chumvi iliyotiwa baadaye.

Dk. Leland Buchholz alifariki Alhamisi ya tarehe 6 Januari 2011, nyumbani kwake, akivua viatu vya theluji. Alikuwa amefundisha hapa miaka ishirini na saba. Alitia saini kwa wino wa kijani, herufi mbili tu, L.B., na tarehe, kwa sababu alisema kalamu nyeusi na za bluu huibiwa. Kila mwanafunzi wake alijua sheria yake kubwa: anayetia saini ukurasa ambao haujaandikwa atafute kazi nyingine. Aliwahi kumwondoa msaidizi wake maabara kwa kosa hilohilo, mchana kweupe, mbele ya darasa.

Aliacha mwanafunzi mmoja wa utafiti, Jolene Schmaltz, msichana wa miaka ishirini kutoka kwenye mashamba ya viazisukari. Baba yake alifanya kazi kwenye ghala la nafaka na alikuwa akikohoa tangu Jolene yuko shule ya msingi. Jolene alikuwa akiotesha seli za mapafu ili kuona vumbi la nafaka linazifanya nini. Zilikuwa seli laini, zikitaka kubadilishiwa maji ya chakula kila siku. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatatu ya tarehe 14 Februari, saa kumi na moja jioni. Asipopata ruzuku angerudi kiwandani kufungasha sukari kiangazi kizima, na seli zote, kazi ya miaka miwili, zingetupwa.

Jumanne ya tarehe 18 Januari, asubuhi, Jolene alisimama mlangoni pa ofisi yetu akiwa amelifunika daftari kwa koti.

"Bi. Arlys, naomba uniangalizie kitu. Na usinicheke."

"Sijawahi kumcheka mtu kabla ya saa tatu. Ingia, unatuletea baridi."

Daftari lilikuwa jipya, lililoanza kutumika tarehe 3 Januari. Kurasa za kwanza tatu zilikuwa na saini ya kijani kama kawaida; tarehe 6 na 7 maabara ilikuwa imepangiwa kufungwa. Kisha mwalimu akafa. Jolene alirudi kazini Jumatatu ya tarehe 10, akafungua ukurasa mpya ili aandike, na chini kabisa, pembeni, akakuta L.B., tarehe 10 Januari. Kesho yake akakuta L.B., tarehe 11. Alikuwa ameandika siku zote hizo juu ya saini iliyotangulia kufika, bila kumwambia mtu.

Bi. Arlys alimwuliza kama amefunua ukurasa wa kesho.

"Sithubutu," alisema Jolene.

Bi. Arlys alivaa miwani, akachukua rula yake ya chuma, akaanza kufunua kwa ncha ya rula. Kesho ilikuwapo. Keshokutwa ilikuwapo. Saini ziliendelea hivyo mpaka tarehe 14 Februari, ishirini na tatu kwa jumla tangu siku aliyorudi Jolene, halafu kurasa zikawa tupu. Siku za Jumamosi na Jumapili zilirukwa. Jumatatu ya mapumziko ya tarehe 17 Januari ilirukwa. Na baada ya Jumatatu ya tarehe 7 Februari, wino ule ulikwenda moja kwa moja hadi Alhamisi ya tarehe 10. Jumanne na Jumatano hazikuwapo. Tuliitazama kalenda ya ukutani. Siku hizo mbili zilikuwa siku za kazi kama nyingine.

"Anatusubiri mpaka tarehe kumi na nne," alisema Bi. Arlys, na akalifunga daftari polepole.

Sehemu kubwa ya jambo hili ilipata maelezo wiki hiyohiyo. Mjane wa marehemu alituambia kwamba daktari alimwonya mumewe mwezi Novemba kuhusu moyo wake, na kwamba wakati wa Krismasi alimwona mezani jikoni na daftari jipya na ile kalamu. Alidhani anasahihisha mitihani. Mtu aliyemfukuza msaidizi wake kwa saini moja ya namna hiyo alikuwa ametia saini ishirini na tatu. Lakini mjane hakujua lolote kuhusu zile siku mbili.

Sasa, maombi yalitaka nakala za kurasa ishirini za karibuni zenye saini ya mlezi. Jolene angekuwa nazo zote. Watoaji wa ruzuku, walio jimbo jingine, hawakujua kwamba Dk. Buchholz amekufa. Kuna waliomnong'oneza Jolene kwenye korido apeleke tu, na Jolene akaja kumwuliza Bi. Arlys kama kuna ubaya, maana hakuna aliyeghushi kitu.

"Saini ni yake, mwanangu," Bi. Arlys alimjibu. "Ila hakukiona ulichokiandika. Tutafute aliye hai."

Akaanza kutafuta. Aliwaendea walimu sita, kila mmoja ofisini kwake. Mmoja alisema ana wanafunzi wengi. Mwingine alisema hana nafasi kwenye kabati la joto la kuoteshea seli. Hakuna aliyelitaja daftari, ingawa mmoja aliuliza kama mwanafunzi angeweza kuanza jipya. Haiwezekani, daftari la maabara haliachwi katikati. Wanafunzi nao walianza kuikwepa maabara namba 214, iliyokuwa ya marehemu, kwa kupita ghorofa ya chini. Fundi wa mitambo aliyekwenda kubadilisha balbu humo aliomba mtu wa kumshikia ngazi, jambo ambalo hakuwa ameliomba maishani mwake.

Jolene aliendelea peke yake. Kila asubuhi alifungua ukurasa, akamkuta mwalimu wake ameshafika.

Jumatatu ya tarehe 7 Februari anga lilikuwa safi na redio ilitabiri theluji kidogo tu. Saa nane mchana Bi. Arlys alipanda hadi maabara 214, mahali ambapo hakuwa na kazi napo, akamwambia Jolene azipe seli chakula cha siku tatu.

"Kwani unaamini, Bi. Arlys?"

"Siamini chochote. Imeandikwa, na kazi yangu ni kufuata kilichoandikwa."

Upepo ulianza alfajiri ya Jumanne. Kufikia saa moja asubuhi mtu hakuweza kuona sanduku lake la barua akiwa mlangoni. Chuo kilifungwa Jumanne na Jumatano, kwa mara ya kwanza tangu 1997, na barabara hazikufunguliwa mpaka Alhamisi. Maabara mbili za jirani zilitupa kila kitu. Jolene alipofungua kabati la joto Alhamisi ya tarehe 10, seli zake zilikuwa hai. Alikwenda kwenye daftari ili aandike hivyo. Chini ya ukurasa ilikuwapo L.B., tarehe 10 Februari.

Hakucheka mtu tena baada ya hapo, hata wale wa foleni ya chakula.

Jumatatu ya tarehe 14, zikiwa zimebaki saa nne, Dk. Imelda Tran aliingia ofisini kwetu. Alikuwa katika mwaka wake wa pili hapa na hakuwa ameombwa, kwa sababu hakuna aliyedhani mgeni angekubali. Alikaa kwenye kiti cha Bi. Arlys na kulisoma daftari tangu mstari wa kwanza. Alikataa kahawa. Alimwuliza Jolene maswali kumi na moja na kumfanya arudie hesabu mbili. Kisha akatoa kalamu nyeusi.

"Nitasaini chini yake," alisema. "Ila mwambieni asinihesabie makosa."

Kwenye kila ukurasa aliandika jina lake na tarehe ya siku hiyo, si nyingine. Alipomaliza ule wa mwisho wenye kijani, tulibaki tunautazama. Hakuna aliyetaka kuugeuza. Bi. Arlys alichukua rula na kuugeuza. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

"Haya, amemaliza," alisema. "Sasa ni wewe, Daktari."

Maombi yalitumwa saa kumi na dakika arobaini. Bi. Arlys aliambatisha barua ya ukurasa mmoja iliyoeleza kifo, saini zilizotangulia, na kwamba zisihesabiwe kuwa ushahidi. Alijua kwamba barua hiyo ingeweza kumwangusha Jolene na kumpotezea yeye kazi. Aliisaini.

Alhamisi ya tarehe 24 Machi watoaji wa ruzuku walileta fomu yenye swali moja. Walikubali kwamba marehemu aliweka tarehe mapema. Walitaka kujua aliwezaje, kabla ya tarehe 6 Januari, kuziruka tarehe 8 na 9 Februari. Jibu lilitakiwa kwa maandishi ndani ya siku tano. Bi. Arlys, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kurudisha fomu bila viambatisho, alikaa nayo siku nne. Siku ya tano aliandika neno moja, "Sijui," akatia saini, akaituma.

Ruzuku ilitolewa Ijumaa ya tarehe 29 Aprili. Jolene alifanya utafiti wake viangazi viwili. Leo ni Dk. Schmaltz, daktari wa mapafu, na mgonjwa wake wa kwanza kumpima kifua alikuwa baba yake. Dk. Tran bado ni mlezi wa maabara 214. Anasoma madaftari kila siku na kutia saini kila siku, na juu ya jina lake huacha nafasi ya mstari mmoja. Hatujamwuliza.

Bi. Arlys anahamia kando ya ziwa na mumewe, Bw. Duane, ambaye anadai ameshamtayarishia shimo lake la kuvulia samaki kwenye barafu na kiti chenye mto. Sherehe ya kumuaga itakuwa Ijumaa hiyohiyo saa tisa alasiri kwenye ukumbi mdogo. Kila mtu alete chakula chake, na aandike jina kwenye bakuli, vinginevyo Bi. Arlys atamrudishia.

Tunakushukuru kwa wanafunzi 412, kwa maombi uliyoturudishia, na kwa neno lile moja ulilokuwa na ujasiri wa kuliandika. Nenda salama, Bi. Arlys. Tunakutakia afya, kahawa ya moto, na siku nyingi ambazo hakuna mtu aliyezitia tarehe kabla yako.