Chatu Niliyemweka Kisimani

Poleni na kazi za wiki, ndugu zangu. Mkiniona nimeshika mgongo wa kiti hiki msidhani naumwa. Nikisema mambo yangu napenda kushika kitu, na haya ya leo yana aibu kidogo. Majina sitataja. Wahusika wengine wamekaa humu humu, na mmoja namwogopa kuliko mchungaji.

Mnajua nilikuwa machimboni, huko Geita. Miaka minne nilishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kupanda, kama mtu anayekwenda shambani na kurudi. Asubuhi moja duara likatitia. Chini tulikuwa watatu. Matimba, zile nguzo zinazozuia udongo, yalishika upande wetu tu, tukabaki kwenye nafasi ambayo hata mbuzi asingeweza kugeuka. Tulikaa humo mpaka jioni. Wenzetu walituchimbua kwa sululu na kwa mikono, na wote watatu tukatoka hai. Watu wakaimba, wakatumwagia maji. Nikacheka nao, nikajua yamekwisha.

Thubutu! Kesho yake nilipofika kwenye mdomo wa duara, miguu ilikataa. Nikasema mgongo unauma. Kesho kutwa, mgongo. Wiki ikaisha, mgongo wangu ukawa maarufu machimbo yote. Nikafunga virago, nikarudi hapa Kishapu kulima pamba na mtama.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu nayo ilirudi nyumbani. Nikivaa fulana, pale inapopita usoni, pumzi inakata, naivua naitupa. Chooni naacha mlango wazi, nakohoa mfululizo ili watu wajue nipo. Cheka tu, mama, hata mimi sasa nacheka. Mke wangu hakuniuliza kitu. Siku moja nilikuta fulana zangu zote tano amezipasua mbele, amezitia vifungo, amezikunja vizuri na kuzirudisha kwenye begi. Nililia siku hiyo, siwafichi.

Sasa tuje kwenye kisima. Kabla ya kwenda Geita nilikuwa nimeanza kuchimba kisima hapo uani, nikakiacha udongo umeshaanza kuwa na unyevu. Niliporudi, kila mtu akawa anauliza: Baba Fulani, kisima unamaliza lini? Nami ningesema nini? Kwamba mwanamume mzima, mchimbaji, anaogopa shimo alilolichimba mwenyewe? Nikatunga uongo. Nikasema nimechungulia, nimeona chatu. Mkubwa, kama gogo. Nikafunika kisima kwa miti na miiba, nikajiona mjanja.

Ujanja gani! Mke wangu akamwita fundi wa visima. Fundi aliposikia chatu, hata chai hakunywa. Wa pili hakufika kabisa. Watoto wetu wawili wakawa hawapiti upande ule. Na kiangazi kimeshika, mke wangu ana mimba kubwa, maji yanafuatwa kule mtoni, unafukua mchanga, unangoja yajikusanye. Mwisho akashindwa kutembea. Ndipo mama yake akaja kumsaidia.

Kwetu Wasukuma, ukwe ni ukwe. Mama mkwe humpi mkono, huli naye, hukai naye mkaangaliana. Akija huku, unapita kule. Kwa hiyo yule mama alikuwa akibeba dumu la maji kichwani, na mimi, mkwe wake mwenye mikono miwili na miguu miwili, napita nyuma ya nyumba ili asinione. Aibu ilinila. Lakini hofu ilikuwa na nguvu kuliko aibu.

Jioni, wakisubiri ugali, alikuwa akiwahadithia wajukuu. Mimi nasikiliza nikiwa kwenye kiti, upande wa pili wa ukuta. Na hadithi aliyoichagua ni ipi? Chatu wangu! Palikuwa na mtu mmoja, anasema, alikuwa na chatu kisimani. Mtu akaenda mpaka ukingoni, akaita, “Upo?” Chatu akajibu, “Nipo!” Watoto wakapiga kelele, wakamkumbatia bibi yao miguu, halafu wakasema, “Tena, bibi!” Mimi nilipomsikia yule mtu anaweka mguu kisimani, jasho likanitoka. Nikainuka, nikaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nadhani alisikia kiti changu nilipoinuka. Maana kuanzia kesho yake hadithi ilibadilika. Yule mtu akawa anashuka hatua moja tu kwa siku. Anakanyaga, anaita, “Upo?” Anajibiwa, “Nipo!” Basi, anapumzika hapo hapo, hadithi imeishia hapo, watoto kaleni. Kesho, hatua nyingine. Na chatu akawa anapungua. Siku ya kwanza gogo, baadaye mpini wa jembe, baadaye kamba ya kufungia ndama. Binti yangu mkubwa, ambaye haachi kitu kipite, akauliza, “Bibi, mbona jana alikuwa mkubwa?”

“Jana, ng'wanone, mwanangu, tulikuwa tunamwangalia kwa mbali.”

Mimi nikabaki kwenye kiti. Kila jioni nikawa nabaki. Moyo unakwenda mbio, lakini nabaki, kwa sababu nilikuwa nataka kujua yule mtu amefika wapi.

Basi asubuhi moja, mama anarudi na maji, akajikwaa hapo uani. Dumu likapasuka, maji yote yakanywewa na vumbi. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kisimani, akaondoa miiba, akaondoa miti. Akakaa ukingoni, akaweka mguu kwenye kishimo cha kwanza, kati ya vile vya kukanyagia nilivyochonga ukutani pande mbili.

Nilikuwa natia mpini kwenye jembe. Nikapiga kelele, “Mayu! Mama, acha!”

Akajibu uso ameugeuzia pembeni, “Mwanangu anakaribia kujifungua. Naenda kumtoa huyo chatu. Kama hutaki, njoo unishike.”

Nimshike! Mkono wa mama mkwe, niushike mimi! Mke wangu yuko ndani, hawezi kukimbia. Jirani yuko mbali. Kama nisingemgusa, angeshuka. Ilibaki njia moja tu: mimi niwe ndani ya shimo kabla yake. Nikakimbia, nikazunguka upande wa pili wa mdomo wa kisima, nikashuka. Naye akatoa mguu wake.

Hatua ya tatu, hofu ikanidaka. Harufu ya udongo, giza, kifua kimebana. Siwezi kupanda, siwezi kushuka. Nikajua nakufa, na safari hii hata dhahabu hakuna.

Sauti ikatoka juu, polepole. “Upo?”

Ndugu zangu, nikaukumbatia ukuta. Akauliza tena, “Upo?”

“Nipo.”

“Haya. Pumzika hapo.”

Nikapumzika. Nikashuka moja. “Upo?” “Nipo, Mayu.” Nikashuka nyingine. Tulikwenda hivyo mpaka miguu yangu ikagusa chini. Chatu hakuwepo, ila kandambili moja ya mtoto. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, nikaungama kutoka humo shimoni kwamba chatu nilimtunga. Akasema, “Tulijua. Unataka jembe?”

Jirani alikuja kuvuta ndoo, tukachimba siku kadhaa, maji yakatoka. Binti yetu wa tatu aliogeshwa maji ya kisima hicho siku ya kwanza ya maisha yake.

Nawashukuru walionifukua Geita. Namshukuru jirani. Mke wangu, kwa vile vifungo sina cha kukulipa, nakupenda mbele ya watu hawa wote.

Kisha mwezi uliopita mke wangu aliniambia jambo. Mama yake anaogopa mashimo tangu usichana wake. Mpaka leo kisimani kwetu anachota maji huku ameangalia pembeni. Asubuhi ile pale ukingoni macho alikuwa ameyafumba, na kama nisingeingia, mwenyewe anasema hajui angefanya nini. Nami nilidhani nimeongozwa na mtu asiyeogopa kitu! Kwa hiyo wewe unayeogopa, usikae ukimngoja jasiri aje. Mtafute mwoga mwenzako, mwambiane “nipo”.

Mayu, hapo ulipokaa, wabeja sana, asante. Wiki hii nimejengea kisima ukuta kuzunguka mdomo wote. Kwa kuwa siwezi kukupima wewe, nilimpima mwanao, maana mnalingana. Unakufika kifuani. Kesho chota ukiangalia.